Maswali na Majibu: Chakula na Vinywaji vya Kubeba Unapocheza Gofu ya Visahani

Gofu ya visahani ni mchezo gani, na unamhusu vipi mhudumu wa afya?

Ni mchezo wa kurusha kisahani cha plastiki kutoka mahali pa kuanzia hadi kiingie katika kikapu chenye minyororo, kwa mirusho michache iwezekanavyo. Mzunguko kamili huwa na vikapu 18, na kundi la wachezaji wanne huumaliza kwa saa 2 hadi 3, likiwa limetembea kilomita 5 au zaidi huku kila mmoja akiwa na mkoba begani. Kwa kuwa hakuna kukimbia, wengi hawauhesabu kuwa ni mazoezi. Anayekwenda kukimbia hukumbuka maji, ilhali anayekwenda "kutembea tu" hupanga visahani 15 kwa uangalifu mkubwa na kusahau chupa moja, kisha sisi ndio tunaompokea jioni akiwa na kichwa kinachomgonga na mkojo wa rangi ya chai.

Nikinywa maji mengi kabla ya kutoka nyumbani, siwezi kusubiri hadi nimalize mzunguko?

Hapana. Maji uliyokunywa kupita mahitaji ya wakati ule hutolewa na figo kama mkojo muda si mrefu, kwa hiyo jasho la kikapu cha 10 haliwezi kulipiwa mapema asubuhi. Mtu mwenye uzito wa kilo 70 akipoteza takriban lita 1.4 za maji, yaani asilimia 2 ya uzito wake, nguvu na umakini huanza kupungua, na katika siku ya joto kiasi hicho hupotea kabla mzunguko haujaisha.

Lakini chupa yangu ipo. Nimeiacha ndani ya gari.

Basi huna maji. Maji yaliyo garini hayamsaidii mtu aliye kwenye kikapu cha 12, na kila anayeniambia kwamba angeyafuata kama angeona dalili husahau kwamba dalili zenyewe ndizo zinazomtoa mtu katika hali ya kuamua vizuri. Toa visahani vitatu usivyovitumia kamwe, uweke chupa.

Ninywe kiasi gani?

Kukiwa na joto, kunywa takriban robo lita kila baada ya dakika 20, hata kama hujasikia kiu. Kwa mzunguko wa saa 2 na nusu hiyo ni karibu lita 2. Kukiwa na baridi au mawingu, nusu ya kiasi hicho huwatosha watu wengi. Wazee wasiitegemee kiu hata kidogo, kwa sababu hudhoofika kadiri umri unavyosonga, na wanaotumia dawa za kuongeza mkojo au wenye ugonjwa wa moyo au figo wamuulize daktari wao kiasi kinachowafaa kabla ya kufuata hesabu hii. Usipitishe lita 1 na nusu kwa saa, kwani maji yakizidi sana huishusha chumvi ya damu, na hilo nalo ni hatari.

Je, bia haihesabiwi kuwa kinywaji?

Haihesabiwi. Pombe huongeza mkojo, huficha dalili za joto kali na kumfanya mtu ajione hodari wakati anaishiwa. Ninaelewa kwamba mchezo huu ni wa marafiki na mazungumzo, wala simkatazi mtu mzima starehe yake baada ya kikapu cha mwisho, akiwa kivulini, ameshakunywa maji na haendeshi gari. Ninachokikataa ni mkoba wenye makopo sita ya bia na tone la maji halimo.

Na vinywaji vya kuongeza nguvu?

Viache, na watoto wasipewe kabisa. Vina kafeini na sukari nyingi, na mwendo wa mchezo huu hauvihitaji. Kinywaji chenye chumvi na sukari kidogo, kile wanachotumia wanamichezo, kina nafasi yake mzunguko unapozidi saa 1 katika joto na jasho linatiririka. Vinginevyo maji na kitafunio chenye chumvi vinatosha.

Vitafunio gani vinafaa?

Vile vinavyostahimili joto la mkoba na kuliwa kwa kiasi kidogo kidogo. Ndizi, tende, tufaha, mkate uliopakwa siagi ya karanga, karanga au korosho zenye chumvi na biskuti kavu vinafaa. Kula kidogo kila baada ya vikapu vitano au sita, badala ya kujaza tumbo katikati ya mzunguko na kisha kulalamika kwamba mkono umekuwa mzito. Chokoleti huyeyuka, nayo nyama, mayai na vyakula vya maziwa visikae nje ya ubaridi zaidi ya saa 2, au saa 1 joto likizidi nyuzi 32, hata kama harufu yake bado ni nzuri.

Kuna jambo dogo ambalo wachezaji hawapendi kulisikia. Kisahani ulichokitoa kwenye dimbwi la matope umekishika kwa vidole hivyo hivyo unavyovitumbukiza katika mfuko wa karanga, na baada yako wanafuata wenzako watatu. Nawa mikono, au mimina karanga kiganjani bila kuingiza mkono mfukoni.

Nina kisukari na ninatumia insulini. Nibebe nini zaidi?

Beba sukari inayofanya kazi haraka, kama vile vidonge vya glukosi au juisi ya kawaida, na uiweke katika mfuko wa nguo yako. Ukianza kutetemeka, kutokwa na jasho la ghafla au kuchanganyikiwa, au kipimo cha sukari ya damu kikiwa chini ya 4 mmol/L, tumia gramu 15 za sukari papo hapo, subiri dakika 15, pima tena, na urudie kama bado iko chini. Chokoleti haifai hapa kwa sababu mafuta yake huichelewesha sukari kuingia katika damu. Usimalize kwanza kikapu. Usirushe kwanza kisahani kilichobaki. Waeleze wenzako kabla ya kuanza, ili wakikuona unayumba wasidhani unafanya mzaha.

Mwenzetu ameanza kuyumba na kusema maneno yasiyoeleweka katika jua kali. Tumkalishe kivulini, tuone kama atatulia?

Msisubiri kuona. Mtu aliyechoka kwa joto huwa na kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza na jasho jingi, lakini akili yake iko sawa. Huyo apelekwe kivulini, alazwe, anyweshwe na kupozwa. Akili ikivurugika, hicho ni kiharusi cha joto hadi ithibitishwe vinginevyo: joto la ndani ya mwili huwa limefika nyuzi 40 au zaidi, na ubongo unaumia. Mmoja apige simu ya dharura na wengine waanze kumpoza saa ile ile. Mvueni nguo za juu, mlowesheni mwili mzima kwa maji mliyo nayo, mpepeeni kwa nguvu, na mkiwa na barafu iwekeni shingoni, kwapani na kwenye kinena. Kama kuna njia ya kumtumbukiza mwili katika maji baridi huku mmoja akikishikilia kichwa chake juu, hiyo ndiyo bora.

Lakini bado anatokwa na jasho. Si dalili kwamba hajafikia hali hiyo?

La hasha. Anayepatwa na kiharusi cha joto akiwa katika mazoezi mara nyingi huwa bado analowa jasho. Angalieni akili yake, msiangalie ngozi.

Yeye mwenyewe anasema yuko sawa, na vimebaki vikapu vitatu tu.

Aliyechanganyikiwa si shahidi wa hali yake mwenyewe. Mzunguko umeisha. Ninalirudia kwa sababu hili ndilo linalotuletea watu wakiwa wamechelewa: vikapu vitatu ni karibu nusu saa, na katika nusu saa hiyo mwili uliopaswa kupozwa unaendelea kuungua. Msisubiri amalize, msisubiri apumzike, msisubiri gari la wagonjwa ndipo muanze kummwagia maji.

Tumnyweshe maji au tumpe dawa ya kushusha homa?

Aliyechanganyikiwa au kupoteza fahamu asinyweshwe chochote, kwa sababu maji yanaweza kuingia mapafuni. Dawa za kushusha homa hazina kazi hapa, maana hii si homa ya maambukizi, na zinaweza kuongeza madhara kwenye ini au figo.

Na akizinduka na kuongea vizuri kabla msaada haujafika?

Aende hospitali hata hivyo. Madhara ya figo, ini na misuli yanaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, wakati mgonjwa amekwisha kurudi nyumbani na kulala, na yanahitaji vipimo vya damu ili kuonekana.