Concur si agree iliyovaa tai

Keti katika mkutano wowote Upper Hill, Nairobi, au soma kumbukumbu za chama huko mtaa wa Umoja, hutakosa "I concur". Neno lenyewe halina ila. Matata huanza linapobandikwa popote penye agree, kwa imani kwamba ni kitu kile kile, ila hili limesoma zaidi.

"Penye agree, concur inaingia"

Haiingii, na hapa ndipo watu huumia. Agree hubeba kazi mbili ambazo Kiswahili kinaweza kuzitenga. Moja ni kuafiki: umesema jambo, nami nina maoni hayo hayo. Nyingine ni kuridhia: umeniomba jambo, nami nakubali kulitenda. Concur inafanya ile ya kwanza tu.

Chukua barua ya ajenti wa nyumba inayosema kodi itapanda kutoka shilingi 18,000 hadi 20,000 kuanzia Januari. Ukijibu "I concur", umemwacha akibahatisha: umeona hoja yake ina mantiki, au umekubali kulipa? Kama umekubali, andika "I agree to pay 20,000 from January". Kama hujakubali, nyamaza kwanza. "I concur to pay" si Kiingereza cha mtu yeyote. Barua ya kazi nayo hujibiwa "I accept the offer", maana mwajiri hakukuuliza maoni yako kuhusu ofa yake. Anataka kujua kama utakuja.

Kipimo ni rahisi. Sema sentensi yako kwa Kiswahili. Ikikubali "naafiki", concur ibaki. Ikidai "niko tayari" au "nimeridhia", itoe.

Asili yake inasaidia kuelewa. Neno limetoka Kilatini, concurrere, yaani kukimbia pamoja. Wakimbiaji wawili wanafika mahali pamoja, kila mmoja kwa miguu yake. Hakuna aliyemwomba mwenzake ruhusa.

"Kihusishi chochote kinatosha"

Mtu au wazo huchukua with: "I concur with the treasurer". Kikifuata kishazi kizima, tumia that: "We concur that the roof needs repair". Kwa jambo linalojadiliwa, on inatosha. In utaikuta zaidi katika maandishi ya mahakama.

Makosa mengi yanatoka kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Tunasema "nakuafiki", mtendwa akiwa ndani ya kitenzi, basi ulimi unazaa "I concur you". Tunasema "ninakubaliana nawe", na kwa kuwa -na- yetu hubeba lililopo na linaloendelea kwa pamoja, inatokea "I am concurring with you". Kiingereza hutaka vitenzi vya maoni vikae katika hali ya kawaida: "I concur", basi.

Makatibu wa vikao nao wana lao: "The budget was concurred by members". Kitenzi hiki hakigeuzwi hivyo. Tena bajeti haiafikiwi tu, inapitishwa, kwa hiyo andika "Members approved the budget". Na mwenyekiti akiuliza nani anaunga mkono hoja, jibu ni "I second". Ukisema "I concur" umetoa maoni, na hoja bado haijapata wa kuiunga mkono.

"Conquer, concur, zote sawa"

Conquer ni kushinda vita. "I conquer with you" inachekesha, na huonekana mara nyingi kuliko inavyostahili. Katika conquer mkazo uko silabi ya kwanza, katika concur uko ya mwisho. Mkazo huo ndio unaofanya r iongezeke: concurred, concurring, kama occurred. Offer, ambayo mkazo wake uko mwanzo, inabaki offered.

"Ni neno la heshima"

Ni neno rasmi, na urasmi si adabu. Anayesema "I concur" anajiweka kama mtu aliyepima jambo akatoa uamuzi wake. Kati ya wahasibu wawili wanaokagua hesabu moja, linakaa vizuri. Lakini bosi akikuagiza upeleke ripoti Ijumaa, "I concur" inasikika kama ulikuwa na kura. Andika "Noted, I will send it by Friday". Kwenye kundi la WhatsApp la ploti, "I agree" inatosha kabisa.

"Aliye-concur amekubali kila kitu"

Mahakamani ni kinyume. Jaji anayeandika concurring opinion anakubali matokeo ya kesi, ila mara nyingi ana sababu zake tofauti, ndiyo maana anaandika kivyake. Katika uamuzi wa kesi ya BBI, mpango wa kurekebisha Katiba ya Kenya, wa tarehe 31 Machi 2022, majaji wote saba wa Mahakama ya Juu waliandika kila mmoja maoni yake. Ukitaka kujua jaji fulani aliafiki nini hasa, itabidi usome hoja moja moja. Walipatana katika baadhi na kuachana katika nyingine.

Ndugu yake, concurrent, hana hata uhusiano na maoni: maana yake ni vitu vinavyokwenda sambamba. Kifungu cha 186 cha Katiba kinalitumia kwa majukumu yaliyokabidhiwa ngazi zaidi ya moja ya serikali, hata kama serikali kuu na kaunti hazielewani juu yake. Kwenye hukumu ndiko linakouma. Mtu aliyefungwa miaka 5 kwa kosa moja na 3 kwa jingine katika kesi moja, vifungo vikiwa concurrent, anatumikia 5. Vikifuatana ni 8. Na kwa kifungu cha 14 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, vinafuatana, isipokuwa mahakama iagize vinginevyo.