Bunduki si baiskeli ya kuunga nyumbani

Umoja wa Afrika uliutenga mwezi Septemba, tangu mwaka 2017, kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu kwa hiari. Kila mwezi huo unapokaribia, maswali kwenye kaunta ya kituo chetu cha polisi huongezeka. Mengi tumeyazoea. Liko moja ambalo zamani lilikuwa adimu, na wanaoliuliza siku hizi ni watu wenye nia njema kabisa: wawindaji wenye leseni, na vijana waliovutiwa na mchezo wa kulenga shabaha. "Afande, nikinunua vipande kimoja kimoja nikaviunga mwenyewe nyumbani, shida iko wapi? Si ya biashara, ni ya michezo tu."

Shida ni kwamba hairuhusiwi. Ningeishia hapo, ila nimejifunza kwamba mtu akijibiwa "hairuhusiwi" bila maelezo huenda kumuuliza jirani, na jirani huwa na majibu mengi kuliko sisi.

Wazo hili linatoka Marekani kwa njia ya video za simu. Mtu anakaa gereji kwake, mezani kuna mtutu, kitako, magazini ya risasi na springi kadhaa, na baada ya dakika 20 ananyanyua bunduki. Video haisemi kinachofanyika upande wa sheria. Kwa mujibu wa sheria ya shirikisho ya huko, ile ya mwaka 1968, kipande kinachohesabiwa kuwa bunduki ni kiwiliwili kinachobeba mtambo wa kufyatulia. Hicho ndicho chenye namba ya utambulisho, na muuzaji mwenye leseni hamkabidhi mnunuzi mpaka amchunguze. Vipande vingine vingi huuzwa kama bidhaa za kawaida. Kweli, sheria hiyo ya shirikisho inamruhusu raia asiyezuiwa kumiliki silaha kujitengenezea bunduki ya matumizi yake bila leseni ya kiwanda, lakini majimbo kadhaa yameweka masharti yao juu yake, California ikiwemo. Na pale wafanyabiashara walipoanza kuuza vifurushi vya viwiliwili ambavyo havijakamilika ili kuikwepa namba, serikali ilitoa kanuni mpya mwaka 2022. Tarehe 26 Machi 2025 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo iliibariki kanuni hiyo kwa majaji 7 dhidi ya 2. Kwa hiyo hata huko kwenye video mambo si holela kama yanavyoonekana, na kwa vyovyote sheria ya Marekani haipandi ndege pamoja na kifurushi chako.

Hapa Tanzania tunaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Namba 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Hakuna anayeruhusiwa kutengeneza silaha bila leseni. Wananchi hubishana nami juu ya neno "kutengeneza", wakidai kwamba wao hawatengenezi, wanaunga tu. Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi, ambayo nchi yetu ilitia saini tarehe 21 Aprili 2004 pamoja na majirani wa Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inaweka kuunga silaha bila kibali katika fungu moja na kuitengeneza. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 inafanya hivyohivyo, na inavitaja vipande vyenyewe: mtutu, kiwiliwili, mtambo wa kufungia risasi, hata kiwambo cha kuzuia sauti. Kwa hiyo hoja ya "nilikuwa na mtutu tu, kitako hakijafika" haikusaidii. Nimeisikia mara nyingi, kutoka hata kwa watu waliosoma.

Wengine hunikumbusha magobore. "Mbona babu yangu Sikonge alijitengenezea?" Ni kweli, wahunzi wetu wa Tabora, Katavi, Rukwa na Kigoma wana ufundi wa siku nyingi wa kufua gobore, na wapo wananchi wanaomiliki gobore kwa leseni halali, jambo ambalo watu wa mijini hushangaa kulisikia. Lakini gobore bila leseni ni silaha haramu kama bastola yoyote. Wazee wetu wengi wanaofungwa chini ya sheria hii hawakukutwa na bunduki ya kivita. Walikutwa na gobore, baruti kidogo kwenye kichupa, na gololi za kuchezea watoto. Mzee anaposema mahakamani kwamba alikuwa anafukuza ngedere shambani, mimi binafsi naamini anasema kweli. Hilo halibadilishi kifungu.

Nigusie na chuma chenyewe, kwa kuwa wengi wanadhani katazo hili ni la makaratasi tu. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 na kitu (bar ni kipimo cha msukumo). Bomba la maji la daraja la PN 16 limeundwa kustahimili bar 16. Risasi ya kuwindia aina ya .308 ikilipuka ndani ya mtutu, viwango vya Ulaya vinaruhusu msukumo ufike bar 4,150, umbali wa sentimita chache tu kutoka shavuni mwa mlengaji. Katika nchi zinazofuata viwango hivyo, kila bunduki ya aina hii hufyatuliwa risasi ya majaribio yenye msukumo uliozidishwa kwa asilimia 25, kisha chuma kinakaguliwa na kugongwa alama. Mji wa Liège, Ubelgiji, umekuwa ukifanya majaribio ya namna hii tangu karne ya 17. Alama ndogo unazoziona kwenye mtutu wa bunduki ya zamani si mapambo. Mtambo na mtutu uliotoka mahali tofauti vinaweza kuingiana vizuri kabisa mkononi huku nafasi ya kukaa risasi imezidi kwa sehemu ndogo ya milimita. Jicho halioni tofauti hiyo. Anayeigundua kwanza ni mfyatuaji, na mara nyingi huigundua kwa uso wake.

Sasa adhabu. Nitaeleza taratibu kwa sababu hapa ndipo wananchi wanapochanganya sana. Kumiliki silaha bila leseni kunashtakiwa chini ya kifungu cha 20 cha sheria ya 2015, na risasi chini ya kifungu cha 21. Ukiwa na vyote viwili, hayo ni makosa mawili. Makosa haya huunganishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, kupitia aya ya 31 ya Jedwali la Kwanza. Ndiyo, gobore la shambani linakuwa kesi ya uhujumu uchumi. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, kesi haisikilizwi bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, na ili mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi iisikilize inahitajika pia hati inayoipa mamlaka hayo. Bila karatasi hizo mahakama inaweza tu kutaja kesi na kuahirisha, ndiyo maana ndugu hulalamika kwamba "kesi haisogei". Pili, kifungu cha 60(2) cha Sura hiyo ya 200, kama kilivyorekebishwa mwaka 2016, kinaweka kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Hakimu hana nafasi ya kukupa miezi sita kwa sababu umeonesha majuto. Msikilize wakili wako kabla ya kumsikiliza mwenzako wa mahabusu.

Kabla ya hapo, kitu kilichokamatwa hujazwa kwenye hati ya ukamataji mbele ya mashahidi, kisha hupelekwa kwa mtaalamu wa uchunguzi wa silaha anayeeleza kama ni silaha au la. Wapo wanaodhani mtutu wenye kutu utaitwa chuma chakavu. Anayesema hivyo ni mtaalamu, si mwenye mtutu.

Anayetaka bunduki ya kuwindia au ya shabaha, njia ipo. Awe na umri usiopungua miaka 25, akili timamu, asiwe mlevi wa kupindukia wala mtu wa vurugu, na awe amepata mafunzo ya kuitumia silaha. Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa, yakapita kata, wilaya na mkoa ambako kamati za ulinzi na usalama huyajadili, kisha yakafika kwa Msajili wa Silaha. Ni safari ndefu, sikatai. Barua ikikwama kwenye kata, fuatilia kata. Kunipigia mimi hakuisogezi. Ukipata leseni, unanunua bunduki kamili, yenye namba, kwa muuzaji mwenye leseni, na ikiharibika unaipeleka kwa fundi aliyeidhinishwa. Kibali cha kuwinda cha TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, ni suala jingine, na kuwa nacho hakukupi haki ya kumiliki silaha, wala leseni ya silaha haikupi haki ya kuwinda.

Ndugu wa marehemu nao wana lao. Baba amefariki, bunduki yake iko darini, mtutu umeliwa na kutu, na kijana mwenye akili ya ufundi ameona mtutu mpya mtandaoni. Anadhani anakarabati urithi. Bunduki hairithiwi kama shamba. Leseni ilikuwa ya marehemu na imekwisha pamoja naye. Silaha hiyo inapelekwa kituoni, inahifadhiwa, na mrithi anayeitaka anaomba upya kama mwombaji mwingine yeyote. Uhakiki wa silaha wa mwaka 2016, ambapo hata Rais Magufuli alihakiki silaha zake, ulilenga hasa kujua nani anamiliki nini.

Kama tayari una kipande, usikifukie, usikiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, wala usikitupe mtoni. Kisalimishe. Serikali imewahi kutoa msamaha wa namna hii, kwa mfano Septemba na Oktoba 2023, na waliosalimisha ndani ya muda huo hawakushtakiwa. Msamaha una tarehe ya mwanzo na ya mwisho zinazotangazwa, kwa hiyo sikiliza tangazo la mwaka husika kabla hujasimulia kijijini kwamba Septemba yote ni huru.

Namna ya kukileta pia ina utaratibu wake. Usikifunge kwenye kanga ukapanda nacho daladala, kwa sababu askari atakayekusimamisha njiani hajui kwamba ulikuwa unakuja kwetu. Mpe taarifa kwanza mtendaji wa kijiji au mtaa, au piga simu kituoni, uelekezwe au ufuatwe ulipo. Risasi, kama zipo, zitaje mapema na zikae mbali na silaha. Ukishakabidhi, subiri uandikiwe hati ya mapokezi yenye maelezo ya kipande, tarehe, na jina la askari aliyepokea, na usome kilichoandikwa kabla ya kutia saini. Kama ni mtutu mmoja, iandikwe mtutu mmoja.