Kijani cha ziwani si dinoflajeleti

Sato wakikutwa matumbo juu kwenye kizimba, siku hizi hakosi mtu wa kusema "hao ni dinoflajeleti". Anaonyesha uji wa kijani kando ya boti, na wenzake wanaitikia. Neno zuri, ila mshtakiwa siye.

Dinoflajeleti ni kiumbe wa seli moja mwenye mijeledi miwili, yaani nyuzi za kuogelea: mmoja umemzunguka kiunoni ndani ya mfereji, mwingine unafuata nyuma. Akiogelea huzunguka kama pia. Karibu nusu ya aina zake hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, nyingine hula wenzao, na zipo zinazofanya yote mawili. Maana yake ndiyo hiyo, tuendelee.

Sifa mbaya aliyonayo kaipatia hasa baharini. Karenia brevis wa Ghuba ya Meksiko hutoa sumu inayovuruga neva za samaki. Huko Korea Kusini, Margalefidinium polykrikoides (vitabu vya zamani vinamwita Cochlodinium) huharibu matamvua ya samaki wa vizimbani, ambao hawana pa kukimbilia. Mwaka 1995 aliwatia wafugaji wa kule hasara kubwa.

Ule uji wetu wa Ghuba ya Mwanza, unaonata kwenye mawe kama mtu kamwaga rangi, ni sianobakteria. Mara nyingi ni Microcystis, au Dolichospermum aliyezoeleka kwa jina la Anabaena. Ni bakteria: seli yake haina kiini wala mjeledi, na dinoflajeleti anavyo vyote viwili. Wala haogelei. Ana vifuko vya gesi vinavyomwinua, ndiyo maana upepo ukitulia ziwa linaamka kijani. Vaa glavu, chota maji hayo kwenye chupa angavu, uiache imetulia mpaka kesho. Kijani kikipanda na kufanya utando juu, karibu hakika ni yeye. Kikizama, tafuta mwingine. Kumtambua kwa uhakika ni kazi ya hadubini.

Na hata yeye, mara nyingi haui sato kwa sumu. Mchana anatoa oksijeni. Usiku anaacha kuitoa ila anaendelea kuivuta, akigombea na samaki waliobanana kizimbani. Akifa kwa wingi, bakteria wanaomwozesha wanamaliza iliyobaki. Kuna siku pia upepo unainua maji ya chini yasiyo na hewa, samaki wanakufa na hakuna kijani chochote. Sumu yake, mikrosistini, ipo kweli na hushambulia ini. Kuchemsha maji hakuiondoi, jambo ambalo wanaochota maji ya kunywa mwaloni wangepaswa kuambiwa kila msimu.

Tuwe waadilifu: dinoflajeleti wa maji baridi wapo, akina Ceratium na Peridinium. Yupo hata Piscinoodinium, kimelea anayejishika kwenye ngozi na matamvua mpaka samaki anaonekana kama kanyunyiziwa vumbi la dhahabu. Mwenye bwawa akimtaja huyo, nitamsikiliza. Lakini anayetaja dinoflajeleti kwa sababu ya uji wa kijani ataishia kununua dawa ya vimelea, wakati kizimba chake kimejaa kupita kiasi na chakula kinazama bila kuliwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Igombe na Luchelele, semeni sianobakteria, au hata "ule mwani wa kijani", tutaelewana. Na oksijeni ipimwe saa kumi na moja alfajiri, siyo saa nane mchana maji yanapokuwa yamejaa hewa.