Fonti huria ndani ya PDF: yanayosemwa na yaliyomo kwenye leseni

Wapo wanaoamini kwamba kitabu ukikipanga kwa fonti ya bure, nacho kinageuka cha bure. Si kweli. Fonti kama Gentium, Andika na Noto hutolewa chini ya SIL Open Font License, toleo la 1.1 la mwaka 2007, na leseni hiyo inatamka wazi kuwa sharti la kubaki huria haliihusu hati iliyoandikwa kwa fonti hizo. Pachika fonti kwenye PDF (yaani iingize ndani ya faili lenyewe), uza kitabu, hifadhi haki zako zote. Hata kuitaja fonti si lazima.

Uvumi huu, hata hivyo, haukuzuka hewani. Fonti iliyo chini ya GPL, leseni ya programu huria inayodai kinachotokana nayo nacho kibaki huria, inaweza kuzua swali hilo, ndiyo maana Free Software Foundation, shirika lenye leseni hiyo, hushauri iongezewe kibali maalumu cha hati.

Wengine huangukia upande wa pili: maadamu ni ya bure, nifanye nitakavyo. Hapana. Huruhusiwi kuiuza fonti peke yake, na ukiirekebisha huwezi kuisambaza kwa jina ambalo mwenyewe amelihifadhi.

Dhana inayowatia watu hasara hasa ni hii: "Fonti imo kwenye kompyuta yangu, basi itapachikika." Ndani ya faili ya fonti mna nambari iitwayo fsType. Ikiwa 0, pachika. Ikiwa 2, huna ruhusa mpaka mwenye fonti akubali. Fonti za kununua zinaweza kuwa na hiyo 2, na kuna programu zinazoiacha fonti nje bila kukuambia lolote. Unafika Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, na flashi mkononi. Mashine ya mchapaji haina fonti yako, inaweka nyingine isiyo na ŋ, na "eŋŋoma" ya Kiganda inatoka na viboksi viwili katikati. Kwa kazi za lugha za Uganda, mimi ningechagua fonti huria kwa sababu hii kabla ya bei.

Na hofu kwamba ukituma PDF umegawa fonti ya watu? Kwa kawaida zinachukuliwa herufi zilizotumika tu. Endesha kwenye kompyuta amri ya pdffonts, inayoorodhesha fonti za PDF: jina likianza na herufi kubwa sita na alama ya kujumlisha, mfano ABCDEF+Gentium, ni kipande tu kilichomo. Safu ya "emb" ikisema "no", fonti haikupachikwa; usichapishe bado.