Omba, lakini daktari akikwambia toka, toka

Tangu mbio za barabarani ziongezeke hapa Lubumbashi, malalamiko yanayofika kwenye tume yetu ya tiba yanafanana. Mkimbiaji ametolewa njiani na daktari. Kesho yake ndugu, wanakwaya na mara nyingine mchungaji mwenyewe wanakuja kutuuliza kwa nini tumemkatisha mtu aliyekwisha kuombewa. Tunaelewa uchungu wao. Lakini mengi wanayodai hayamo katika kanuni yoyote, na machache, tuseme ukweli, ni ukaidi.

Hatupingi imani. Mwaka 2014 watafiti nchini Uingereza, akiwemo Samuele Marcora, walichapisha jaribio la watu 24 walioendesha baiskeli ya mazoezi hadi kushindwa. Nusu yao walizoezwa kwa wiki mbili kujisemea maneno mafupi ya kujitia moyo. Waliporudi kwenye baiskeli walidumu kwa asilimia 18 zaidi, na katikati ya kazi walihisi mzigo umepungua. Wenzao ambao hawakuzoezwa hawakuongeza kitu. Kwa hiyo mama wa mtaa wa Katuba anayerudia aya ile ya tai ya kitabu cha Isaya tangu kilomita ya 30, au kijana anayevuta tasbihi moyoni, anafanya jambo ambalo faida yake imepimwa. Tunachoshauri ni kwamba maneno hayo yawe mafupi, na yazoezwe kwenye futingi, yaani mbio nyepesi, ya asubuhi wiki nyingi kabla. Anayeyatafuta wakati miguu imeshakataa amechelewa.

Sasa tazama kilichobadilika kwa watu wale: namna walivyohisi kazi, basi. Sukari ya misuli inakwisha vilevile, jasho linatoka vilevile, na jua la Oktoba la hapa kwetu halimbagui aliyeokoka. Tena neno linalopunguza uchungu linaweza pia kumziba mtu masikio asisikie mwili wake unapomwonya kwa haki. Mkimbiaji ambaye joto la ndani limepita digrii 40 na akili imeanza kuvurugika mara nyingi hajui kwamba anaumwa. Atakwambia yuko sawa, na kwa sauti kubwa. Ndiyo maana hatumwulizi kama anaweza kuendelea. Tunamwuliza leo ni siku gani, ametoka komini gani, yaani sehemu gani ya mji, anakimbia kuelekea wapi. Akijibu maswali yote matatu kwa "Ushindi!", anabaki nasi na anaingizwa kwenye maji baridi.

Halafu kuna hili la kufunga. Wapo wanaofika kwenye mstari wakiwa wamefunga kavu siku mbili tatu, bila chakula wala maji, ili mwili uwe mwepesi. Mwepesi utakuwa, kweli. Sifan Hassan wa Uholanzi ni Mwislamu, na alijiandaa kwa marathoni ya London ya 2023 akiwa katika mfungo wa Ramadhani. Ila siku yenyewe, tarehe 23 Aprili, Ramadhani ilikuwa imeshakwisha, na vinywaji alivifuata vituoni kama wengine. Nyonga ilipombana alisimama akajinyoosha, akaachwa nyuma, kisha akawafikia na kushinda kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 33. Wanaotuambia kwamba kusimama ni kukosa imani wamtazame yeye.

Mwenye homa ya malaria hakimbii. Mwenye presha haachi vidonge kwa sababu ametoa ushuhuda wa kupona. Hapa hatuna mjadala.

Ugomvi mkubwa zaidi unaletwa na maji ya upako, yaani maji yaliyoombewa. Kwa kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, ambazo ndizo tunazofuata, mbio zinazozidi kilomita 10 huwekewa vituo vya vinywaji takriban kila kilomita 5. Ukipokea chupa mahali pengine, refa anakuonya, kwa kawaida kwa kadi ya njano. Ukirudia, ni kadi nyekundu, na unatoka njiani papo hapo. Anayeadhibiwa ni aliyepokea. Aliyetoa awe mama mzazi au askofu, haibadilishi kitu. Kanuni hiyohiyo lakini inakuruhusu kubeba maji yako tangu mstari wa kuanzia. Basi chupa iliyoombewa itoke nawe nyumbani, uibebe mwenyewe. Jamani, hili tumelieleza mara ngapi? Vivyo hivyo, mwanakwaya asiye na namba kifuani akikimbia sambamba nawe huku akiimba, anahesabiwa kuwa anakusaidia mwendo. Aimbe amesimama.

Kwa upande mwingine, kupimwa na daktari rasmi njiani si msaada uliokatazwa. Hutolewi kwa sababu umeguswa, na wanaokwepa hema letu kwa hofu hiyo wanajiumiza bure. Ila daktari huyo akikuagiza utoke, kanuni inakutaka utoke mara moja, hata kama utepe wa mwisho unauona.

Neno moja kwa wanaoitwa kupimwa doping, yaani dawa zilizokatazwa michezoni. Mkimbiaji wa marathoni Ryan Hall wa Marekani aliwahi kumwandika Mungu kama kocha wake kwenye fomu ya upimaji. Mstari huo hautusumbui. Unaotusumbua ni ule wa dawa na virutubisho ulivyotumia siku saba zilizopita, ambao wengi wanauacha mtupu huku wamekunywa chupa ya mizizi waliyopewa na mtu wasiyemjua vizuri. Kilichomo mwilini mwako ni jukumu lako, hata kama hukukijua. Mkojo unaotakiwa ni mililita 90 angalau. Unagawanywa katika chupa A na chupa B, nawe unachagua vifaa na kuvifunga mwenyewe. Kukataa kutoa sampuli, hata kwa kusema umeweka nadhiri, kunaweza kukufungia miaka minne.

Wachungaji na maimamu wenye waumini wanaokimbia watuletee maswali mapema, si asubuhi ya mbio. Na kanisa likiwa limepanga mfungo juma la mbio, tunaomba waliojiandikisha waruhusiwe kuuanza Jumatatu inayofuata.