Je, wajua kwa nini madaktari wa DO walikaribia kufungiwa mlango wa ubingwa bobezi Marekani?

Marekani daktari anaweza kuwa na shahada ya MD, ambayo wengi tunaifahamu, au DO, ya osteopathia, iliyoanzia kwenye chuo alichofungua Andrew Taylor Still mjini Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Mwenye DO anaandika dawa, anapasua, anazalisha, sawasawa na mwenzake. Alichozidishiwa ni kutibu kwa mikono: mgonjwa amelala kifudifudi, daktari anapapasa pingili za mgongo moja moja akitafuta palipokaza. Usimchanganye na osteopatha wa Uingereza. Yule si daktari.

Leseni wanayo, tena kamili. Kikwazo kilikuwa ithibati ya mahali walikosomea ubingwa. Chama chao, AOA, kilikuwa na programu zake za ubingwa, na ACGME, baraza linalotoa ithibati kwa mafunzo ya ubingwa Marekani, lina zake. Mwaka 2011 ACGME ikapendekeza kwamba anayeomba ubingwa bobezi, yaani ngazi inayofuata ubingwa, awe amemaliza ubingwa kwenye programu yenye ithibati yake, au ile ya Kanada.

Hebu fikiria. Aliyesomea Toronto anapita. Aliyesomea magonjwa ya ndani Ohio, chini ya AOA, akitaka kubobea kwenye moyo, anakwama, hata awe hodari namna gani. Mimi naona ilikuwa dhuluma: mtu anahukumiwa kwa mhuri ulio kwenye cheti, uwezo wake haujaguswa.

Kelele zilipigwa, mazungumzo yakawa marefu, na Februari 2014 pande hizo zikakubaliana kuwa na mfumo mmoja wa ithibati. Programu za AOA zilihamia humo kuanzia Julai 2015 hadi Juni 2020. Baadhi ya zile ndogo zilishindwa kufikia masharti zikafungwa, na hiyo ni hasara ya kweli, hasa kwa hospitali za vijijini. Upande wa pili, wenye MD nao waliruhusiwa kuomba nafasi zilizokuwa za DO peke yao.

Umebaki mzigo wa mitihani. Wanafunzi wa DO hufanya COMLEX, mtihani wao wa leseni, lakini wasimamizi wengi wa programu wamezoea kusoma alama za USMLE, mtihani wa leseni wa wenye MD. Basi wengi wanafanya yote miwili: masomo yaleyale, siku nzima mbele ya kompyuta, ada mara mbili. Kama una ndugu anayesomea DO huko, mwambie aulize kila programu mapema, kabla hajalipia mtihani wa pili, kama COMLEX pekee inawatosha.