Wagonjwa wengi, vifo vichache: dhana potofu kuhusu saratani katika nchi mbalimbali

Dhana: saratani ni ugonjwa wa nchi tajiri

Orodha za viwango vya saratani kwa nchi husambaa sana, na mara nyingi Australia huwa juu kabisa, ikifuatwa na nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini. Nchi nyingi za Afrika huwa mkiani. Anayeitazama orodha hiyo kwa haraka huondoka na jibu jepesi: wenye fedha wanaugua kwa sababu ya vyakula vyao na viwanda vyao, wengine wamesalimika.

Hawakusalimika. Saratani huongezeka kadiri umri unavyokwenda, kwa hiyo penye wazee wengi wagonjwa nao huwa wengi. Wataalamu hurekebisha takwimu ili umri usipotoshe ulinganisho, lakini lipo jambo ambalo hesabu hiyo haiwezi kulirekebisha. Ili mgonjwa aingie kwenye takwimu, kwa kawaida ni lazima amwone daktari, akatwe kipande kidogo cha uvimbe, kipande hicho kisomwe chini ya hadubini na mtaalamu, kisha jibu liandikwe kwenye rejesta ya saratani. Ikikosekana hatua moja tu, mtu huyo anakufa kwa "tumbo" au kwa "kikohozi cha muda mrefu", na nchi yake inaonekana salama. Australia nayo ina sababu zake: jua kali juu ya ngozi nyeupe huleta saratani nyingi za ngozi, na watu wake hupimwa sana.

Mwaka 2022 duniani kote waligunduliwa wagonjwa wapya takriban milioni 20, na watu milioni 9.7 walikufa kwa saratani. Ndani ya namba hizo kubwa zimo nyingine ndogo ambazo ningependa kila mtu azisome mara mbili. Katika nchi zilizoendelea kupita zote, mwanamke mmoja kati ya 12 hugunduliwa kuwa na saratani ya matiti maishani mwake, na mmoja kati ya 71 hufa nayo. Katika nchi zenye maendeleo ya chini anayegunduliwa ni mmoja tu kati ya 27, lakini anayekufa ni mmoja kati ya 48. Yaani penye wagonjwa wachache kwenye vitabu ndipo penye makaburi mengi zaidi. Wanawake hao hugunduliwa wakati uvimbe umeshasambaa, na hata wakigunduliwa, upasuaji, dawa na mionzi viko mbali nao.

Dhana: wagonjwa wakiongezeka ghafla, kuna kitu kinawatia watu sumu

Wakati mwingine ni kweli. Sigara ndiyo iliyoipandisha saratani ya mapafu katika karne ya 20, na vumbi la asbesto, madini ya nyuzi yaliyotumika katika ujenzi, limewaua wafanyakazi wengi miaka mingi baada ya kulivuta. Lakini kabla ya kumtafuta mwenye sumu, uliza kwanza nani ameanza kupima nini.

Kisa cha Korea Kusini kinastahili kusimuliwa kwa kirefu. Mwaka 1999 serikali ya huko ilianzisha mpango wa kitaifa wa kupima saratani kadhaa. Tezi ya shingo, ile inayoitwa thairoidi, haikuwemo kwenye mpango, lakini hospitali na kliniki ziliwapa watu kipimo cha altrasaundi ya shingo kama nyongeza ya bei ndogo. Watu waliitikia, maana nani akatae kipimo kisichouma? Kufikia mwaka 2011 kiwango cha saratani ya thairoidi kilikuwa mara 15 ya kile cha mwaka 1993, na saratani hiyo ikawa ndiyo inayogunduliwa zaidi nchini kote.

Kama ni sumu, vifo navyo vingepanda. Vifo havikusogea. Kilichokuwa kinaonekana ni vivimbe vidogo ambavyo watu wengi huishi navyo hadi uzeeni bila kujua wala kudhurika. Ila ukishaambiwa una saratani huwezi kukaa tu, na karibu wote waliogunduliwa walifanyiwa upasuaji. Waliotolewa tezi yote walilazimika kumeza vidonge vya homoni kila siku maisha yao yote, na baadhi yao walijeruhiwa mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Mwaka 2014 kundi la madaktari wa nchi hiyo lilijitokeza hadharani kuwasihi watu waache kipimo hicho kama hawana dalili, na upasuaji ukapungua sana ndani ya muda mfupi. Nawaheshimu sana madaktari hao, maana kumwambia mgonjwa asipimwe ni jambo gumu kuliko kumwambia apimwe.

Dhana: kupima mapema huokoa maisha siku zote

Hapa pana mtego wa hesabu unaowanasa hata watunga sera. Chukua watu wawili wenye ugonjwa uleule, wote wakafa wakiwa na miaka 70. Mmoja aligunduliwa akiwa na miaka 67 baada ya kuona dalili, mwingine akiwa na miaka 60 kwa kipimo. Takwimu za "walioishi miaka mitano baada ya kugunduliwa" zitasema wa pili aliokoka na wa kwanza hakuokoka. Hakuna aliyeishi hata siku moja zaidi ya mwenzake. Ndiyo maana nchi inayojisifu kwa asilimia ya walioishi miaka mitano inapaswa kuulizwa pia kama vifo vimepungua.

Japani iliuliza. Kwa miaka mingi ilipima mkojo wa watoto wachanga nchi nzima kutafuta saratani iitwayo nyuroblastoma, na wagonjwa wengi walipatikana. Vifo havikuonekana kupungua kama ilivyotarajiwa, kwa kuwa vivimbe vingi vya aina hiyo kwa wachanga huyeyuka vyenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpango ukasimamishwa.

Lakini zipo saratani ambazo kipimo kwa asiye na dalili huokoa kwelikweli. Ya mlango wa kizazi ndiyo mfano bora, kwa sababu kipimo hukuta mabadiliko kabla hayajawa saratani na yakaondolewa mapema. Kwa hiyo kila kipimo kihukumiwe peke yake. Na tafadhali, asichukue mtu maneno haya kuwa kisingizio: mwenye uvimbe kwenye titi, damu kwenye choo au kidonda kisichopona hayumo kwenye mjadala huu hata kidogo. Huyo ana dalili, na kila wiki anayochelewa inaweza kumgharimu.

Dhana: dawa za saratani ni ghali kwa sababu ni ghali kuzitengeneza

Utafiti una gharama, tena kubwa. Bei, hata hivyo, hupangwa kwa kuangalia soko litavumilia nini na nani mwingine anaruhusiwa kuuza. Mwezi Machi 2012 India ilitoa leseni ya lazima, yaani ruhusa ya serikali kwa kampuni nyingine kutengeneza dawa bila idhini ya mwenye haki, kwa dawa ya sorafenibu, inayotumika kwa saratani ya ini na ya figo. Mwenye hataza (haki ya pekee ya kutengeneza na kuuza), kampuni ya Bayer, alikuwa akiiuza takriban rupia 280,000 kwa dozi ya mwezi. Kampuni ya nchini humo, Natco, iliruhusiwa kuitengeneza na kuiuza isizidi rupia 8,880, na kumlipa Bayer mrabaha. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara 30.

Mwaka uliofuata mahakama ya juu kabisa ya India ilikataa ombi la kampuni ya dawa ya Novartis la hataza ya imatinibu, dawa iliyogeuza aina moja ya saratani ya damu kutoka hukumu ya kifo hadi ugonjwa wa kumeza kidonge kila siku. Kule Marekani kidonge hichohicho kiliendelea kupandishwa bei mwaka hadi mwaka tangu kilipoidhinishwa mwaka 2001, ingawa gharama za kukibuni zilisharudi zamani.

Dhana: serikali ikikataa kulipia dawa mpya, inawahukumu wagonjwa kifo

Naelewa uchungu wa anayeambiwa dawa ipo lakini hailipiwi. Hata hivyo, neno "mpya" halina maana ya "inayorefusha maisha". England ilipata funzo hilo kwa gharama kubwa. Chombo chao cha kutathmini dawa, NICE, kilikuwa kikilaumiwa kwa kukataa dawa za saratani, ndipo ukaundwa mfuko maalumu wa kuzilipia zile zilizokataliwa. Kati ya mwaka 2010 na 2016 ulitumia pauni bilioni 1.27. Watafiti walipozichambua dawa hizo kulingana na matumizi 47 yaliyolipiwa, yaani dawa fulani kwa saratani fulani, ni 18 tu yaliyokuwa na ushahidi wa kurefusha maisha, na kwa kawaida nyongeza yenyewe ilikuwa takriban miezi mitatu. Fedha zile zilikuwa za wagonjwa wengine pia.

Ndiyo maana kutumia fedha nyingi hakuleti matokeo kwa uwiano uleule. Marekani hutumia kwa kila mtu fedha nyingi sana kwa saratani kuliko nchi nyingine tajiri, na vifo vyake havitofautiani nazo kiasi hicho. Sehemu kubwa ya nafuu iliyonayo imetokana na watu kuacha sigara.

Dhana: mwenye bima hana wasiwasi

Bima nyingi hulipia chumba cha upasuaji na kusahau mengine. Kuna nauli, malazi karibu na hospitali ya mionzi kwa wiki kadhaa, ndugu aliyeacha kazi ili auguze, na dawa isiyokuwepo dirishani inayobidi inunuliwe nje. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi nane za Kusini-Mashariki mwa Asia na kuchapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 9,500. Mwaka mmoja baada ya kugunduliwa, asilimia 29 walikuwa wamekufa, na asilimia 48 walikuwa hai lakini gharama zilikuwa zimezielemea kaya zao kupindukia. Waliokuwa hai bila pigo hilo hawakufika hata robo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipochunguza nchi 115, ni asilimia 39 tu zilizokuwa zimeingiza mambo ya msingi ya tiba ya saratani katika huduma ambazo kila raia anagharamiwa. Kwa huduma za kutuliza maumivu ilikuwa asilimia 28.

Dhana: nchi isiyo na fedha haina la kufanya

Hii ndiyo dhana inayoniumiza zaidi, kwa sababu hutumiwa na wenye madaraka kujivua jukumu. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini ya aina B, ambayo huweza kuleta saratani ya ini, mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua. Rwanda mwaka 2011 ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuwachanja wasichana nchi nzima dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Saratani hiyo huua takriban wanawake 350,000 kila mwaka, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na tangu Desemba 2022 WHO inakubali kwamba dozi moja tu inaweza kutosha kwa wasichana. Kodi ya sigara, nayo, huingiza fedha badala ya kuzitoa.

Na kwa yule ambaye ameshachelewa kupona, ipo mofini. Ni dawa ya zamani, haina hataza, na bei yake ni ndogo. Bado, ripoti ya jarida la kitabibu la Lancet ya mwaka 2017 ilionyesha kuwa kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Uganda ilichagua njia nyingine. Ilibadili sheria ili wauguzi waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuandika mofini, kwa kuwa madaktari hawakutosha kufika kwa kila mgonjwa. Dawa yenyewe ni unga unaochanganywa na maji na kutiwa rangi ili nguvu ya kila chupa itambulike, kisha mgonjwa anapewa akainywe nyumbani kwake.